Ua Lisilo na Lebo

Mzee Lebo hakuzaliwa na jina hilo, na waliompa hawakumpa kwa kumpenda. Alibandikwa na wauguzi wa zahanati ambako alifanya kazi miaka thelathini na miwili akigawa dawa dirishani. Chupa isiyo na lebo ikipita mbele yake haikufika mbali. Aliimwaga kwenye sinki, akafungulia bomba, na mwenye chupa kama alikuwepo aliongezewa somo juu yake. Siku moja alimwaga chai ya daktari. Daktari alipolalamika, alijibiwa kwamba kitu kisichoandikwa jina ni sumu mpaka kithibitishwe kuwa si sumu, na kwamba hata yeye daktari alikuwa amevaa kitambulisho.

Kila dawa aliisoma mara tatu: akiitoa kabatini, akihesabu vidonge, na akiirudisha. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, na kwa hilo peke yake mtu anaweza kumsamehe mengi. Mkewe ndiye aliyekuwa na mengi ya kusamehe. Nyumbani kwao kopo la sukari liliandikwa SUKARI, la chumvi CHUMVI, na kila tarehe mosi ya mwezi kabati la dawa lilikaguliwa kama benki. Dawa iliyopita tarehe ilikwenda shimoni bila huruma. Mkewe alikuwa akimwambia, "Mwenzangu, ipo siku utanibandika na mimi," naye alicheka kidogo, kwa sababu hakuona ubaya wake.

Mwaka jana alistaafu, akapata kibarua katika duka la dawa kila siku, Jumapili ikiwemo, kuanzia saa nane mchana hadi saa moja jioni. Kisha, miezi minne iliyopita, kiharusi kikampiga mkewe. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "bado". Umeshiba? Bado. Unasikia maumivu? Bado. Nikufunike? Bado. Daktari alisema ndivyo inavyotokea kwa baadhi yao, hubaki neno moja likafanya kazi ya mengine yote. Wakati wa mchana, Mzee Lebo akiwa kazini, jirani yao fundi cherehani alikuja kukaa na mgonjwa, akishona vifungo na pindo kwa mkono karibu na kitanda.

Mmea wenyewe ulijitokeza mkewe akiwa amelazwa hospitali. Mzee Lebo aliuona siku aliyomrudisha nyumbani, alipofungua dirisha la chumba ili hewa iingie. Chini ya dirisha, kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, miche mitatu ilikuwa imesimama kwa mstari. Mstari ulimtia shaka. Magugu hayaoti kwa mstari. Aliing'oa miwili palepale, na wa tatu angeung'oa pia kama mkewe hangetoa sauti kitandani. Alikwenda kumwangalia, na mmea ukapona siku hiyo.

Ulipotimiza miezi mitatu ulimfikia kiunoni. Majani yalikuwa laini, yamechongoka nchani, na matawi yalikuwa na vifundo vilivyovimba kama magoti ya mgonjwa wa baridi yabisi. Hakuwahi kuuona mmea wa namna hiyo, au ndivyo alivyoamini. Alichomeka kijiti pembeni yake, akafunga kadi: HAIJULIKANI. USIGUSE. Akaandika na tarehe.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa jirani. Alimngoja mlangoni, akamwuliza bila hata kumkaribisha.

"Jirani, hebu niambie ukweli. Ule mmea wa nyuma umeupanda wewe?"

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Mzee, mimi nina sare arobaini za shule hazijaisha. Nipate wapi muda wa kuja kupanda majani kwenu?"

"Sijasema majani. Nimesema mmea."

"Haya, mmea."

"Umejuaje una majani?"

"Kwa sababu nina macho, mzee."

Fundi akakata uzi kwa meno, akampa kisogo. Tangu siku hiyo alijibu alichoulizwa tu, hakuongeza hata nukta, na Mzee Lebo akaona hapo ndipo penye jambo.

Ushahidi ulizidi kujaa. Akirudi kutoka kazini jioni, giza limeshaingia, alikuta chumba cha mkewe kinanukia. Haikuwa sabuni wala dawa ya kuchulia misuli. Yalikuwa marashi, tena mazuri, ya mtu aliyejipamba akatoka. Yeye hakuwahi kumnunulia mkewe marashi, maana yanayouzwa mtaani yanapimwa kutoka kwenye madumu yasiyoandikwa kitu.

"Nani kaja hapa leo?" alimwuliza fundi.

"Hajaja mtu."

"Haya marashi umejipaka wewe?"

"Sijajipaka."

Alimkazia macho, mwenzake akamkazia pia. Mzee Lebo alifunga dirisha kuzuia mbu, harufu ikaisha polepole, shaka ikabaki palepale.

Halafu kulikuwa na maua. Kila siku saa tatu asubuhi, baada ya kumwogesha mkewe na kumpa dawa, alizunguka nyuma kukagua. Alikuta vitarumbeta vidogo vimenyauka na kujikunja, vingine vimeshikilia tawi, vingine viko chini. Kimoja cha waridi, kingine cha njano, vyote kwenye mmea mmoja. Hata siku moja hakukuta ua lililo wazi. Mmea gani unatoa maua yaliyokwisha kufa? Alishawishika kuwa kuna mtu anayachuma kwingine na kuja kuyamwaga pale ili kumchezea akili. Lakini asubuhi moja aliona ua ambalo nusu yake ni waridi na nusu ni njano, limegawanyika sawasawa kama limepigiwa rula. Hilo hata fundi asingeweza kulishona. Alilitia kwenye bahasha na kuandika tarehe.

Binti yao, aliyeishi mji mwingine, alimshauri aupige picha mmea, simu ingemtajia jina. Simu ilisema ni mnyanya. Siku ya pili ikasema ni mpilipili. Siku ya tatu kijiti kilionekana kidogo kwenye picha, simu ikasema ni uzio. Mzee Lebo aliiweka mezani kifudifudi.

Jambo la maji ndilo lililomchanganya zaidi. Kila asubuhi alimpa mkewe bilauri ya maji. Mkewe alikunywa nusu, kisha kwa mkono wa kushoto akaisukuma bilauri mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, lililokuwa ubavuni mwa kitanda. Mzee Lebo aliandika katika daftari lake: hanywi maji ya kutosha. Alibembeleza, alikaripia, alibadilisha bilauri. Jibu lilikuwa "bado" na bilauri kusukumwa. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akachukua ile nusu na kuitupa nje ya dirisha, ikaangukia mmea. Mkewe akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima.

Kumbe hakuwa akikataa maji. Alikuwa anagawana na mmea.

Hapo Mzee Lebo alimtazama mkewe kwa jicho jingine. Alimwuliza kama mmea ni wake. Bado. Alimwuliza kama alipewa na mtu. Bado. Alimwuliza unaitwaje, naye akafungua mdomo, akahangaika na midomo mpaka jasho likamtoka, na kilichotoka kikawa bado. Akamfuta uso. Lakini kichwani aliendelea kuhesabu: mstari, marashi, maua yaliyokufa, tabasamu. Mke aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja alijua kitu ambacho yeye hakukijua, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Kwa ajili ya lile tabasamu alianza kuumwagilia mwenyewe. Alitumia kikombe cha kupimia dawa ya kikohozi: mililita thelathini, mara tatu kabla ya kwenda kazini. Katika wiki moja mmea ukaanza kunyong'onyea. Alichukua bahasha yake na jani moja, akaenda kwa mama wa kitalu, aliyeuza miche kando ya barabara kwenye makopo ya rangi.

Mama wa kitalu aligeuza jani huku na huku. "Jani kama hili liko kwenye vitu vingi. Ua lake?"

Mzee Lebo akamtolea lile la rangi mbili.

"Hili limelala, baba. Niletee lililo macho."

"Ua halilali."

"Haya. Na unaumwagilia vipi?"

Alipomweleza, yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye toroli. "Mmea hauna kikohozi, baba yangu. Mwagia ndoo nzima asubuhi moja, halafu uache siku mbili upumue."

Aliondoka amekunja uso. Hata hivyo alimwaga ndoo, na baada ya siku mbili mmea ukasimama kama askari. Ilimkera kwamba yule mama alikuwa sahihi.

Jumanne simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Nataka nimlete mtoto Jumamosi. Natumwa kikazi miezi miwili. Ila baba, siku hizi kila kitu kinakwenda mdomoni. Wiki iliyopita kameza kifungo. Yule mmea wako ushaujua?"

"Sijaujua."

"Ni sumu?"

"Nimekwambia sijaujua."

"Basi ung'oe. La sivyo itabidi nimpeleke kwa mama mkwe."

Mzee Lebo aligeuka kumtazama mkewe. Mjukuu yule wa miaka mitatu ndiye mtu pekee ambaye sauti yake kwenye simu ilimfanya bibi akunje midomo kutafuta neno la pili. Daktari alikuwa amesema wazi: mleteni huyo mtoto, atamsaidia kuliko mimi. Kwa hiyo mtoto ilikuwa lazima aje, na mmea ilikuwa lazima utoke. Hesabu ilikuwa rahisi. Lakini kila alipofikiria bilauri pale dirishani, moyo ulimwenda mbio, na hakuna dawa ya moyo wa namna hiyo dukani kwao.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Alingoja mkewe apitiwe na usingizi wa mchana, akachukua jembe, akazunguka nyuma saa kumi kasorobo. Alipiga jembe mara mbili. Mzizi ulijitokeza, mnene kama mkono wa mtoto, mweusi. Ona sasa, alijiambia, kitu cha heri hakiwi na mzizi kama huu. Akanyanyua jembe mara ya tatu, na kioo cha dirisha kikagongwa.

Mkewe alikuwa ameamka. Alikuwa akipiga kioo kwa kiganja cha kushoto, uso umejaa machozi. "Bado, bado, bado, bado."

Fundi akachungulia juu ya bega lake. "Mzee, acha hiyo kazi uingie ndani. Utamuua mwenzako."

Alitupa jembe, akakimbilia kabatini kutafuta kidonge cha presha. Alisoma lebo mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, na katika kuirudisha chupa kwa haraka akaigonga iliyo pembeni yake, ikaanguka na kubingirika sakafuni. Ilikuwa chupa ya vidonge vya minyoo. Kwanza alimpa mkewe kidonge na maji, akamshika mkono mpaka pumzi zikatulia. Ndipo akaiokota.

Akasikia mlio wake. Miaka thelathini na miwili alihesabu vidonge, masikio yake yalijua mlio wa vidonge kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ndani ya ile chupa hamkuwa na vidonge.

Aliifungua. Mlikuwa na mbegu nyeusi, za mviringo, zenye mikunjo, mtu angedhani ni pilipili manga. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kawaida yake: kuna mtu ameweka sumu kwenye kabati la dawa. Wazo la pili lilikuja taratibu. Kati ya mbegu mlikuwa na karatasi imeviringishwa, na mwandiko ulikuwa wa mkewe. Ua la saa kumi, la nyumba yetu ya kwanza. Nyingine ziko kwa dada.

Akaketi chini. Akaisoma lebo ya chupa, na kwa mara ya kwanza akaisoma kweli. Vidonge vya minyoo. Kimoja usiku. Mwisho wa matumizi ulikuwa mwakani. Lakini vidonge hivyo alivileta yeye mwenyewe, binti yao akiwa darasa la kwanza, na sasa binti ana mtoto. Kila tarehe mosi kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa akiichukua chupa hii polepole, bila kuitikisa, anasoma tarehe, anaridhika, anairudisha. Hakuwahi kujiuliza kidonge gani kinaishi umri huo. Lebo ilisema kizima, basi kizima.

Mwandiko ulikuwa wake: saba yenye kistari katikati, herufi ya mwisho yenye mkia. Ila hakuuandika yeye. Alikwangua pembe ya lebo kwa ukucha, chini yake mkawa na lebo nyingine, na chini ya hiyo nyingine. Zilikuwa saba. Mkewe alijifunza mwandiko wake, na kila tarehe ilipokaribia kupita alikaa mahali, mumewe hayupo, akaandika maisha mengine kwa zile mbegu.

Alimpigia simu shemeji yake, dada wa mkewe.

"Shemeji, ua la saa kumi ni kitu gani?"

Upande wa pili kilisikika kicheko kidogo. "Umelijua leo?"

"Niambie tu."

"Kwenye ile nyumba yenu ya kwanza lilikuwa mlangoni pa jikoni. Huwa linafunguka jioni. Alikuwa ananiambia, dada, likifunguka najua mume wangu anatoka kazini, naweka maji ya kuoga. Wewe ukamwuliza linaitwaje. Hakujua jina. Ukaling'oa."

Akakumbuka. Wiki ya tatu ya ndoa. Alilitupa jalalani, akanawa mikono mara mbili, akamweleza bibi harusi kuhusu vitu visivyojulikana. Yeye alichukua ufagio akafagia udongo mlangoni, na mume akafurahi kupata mke msikivu. Kumbe alikuwa anaokota mbegu.

"Kila mwaka ananiletea zake, mimi napanda, nampa mpya," shemeji aliendelea. "Alisema siku ukistaafu utaacha na hizo lebo zako, ndipo atapanda kwenu. Alipanda wiki moja kabla hajaanguka." Akashusha pumzi. "Ila shemeji, mbegu na mzizi visiingie mdomoni mwa mtu. Mbwa wangu alitafuna, akatapika siku nzima."

Hata katika hali ile Mzee Lebo alipata faraja ndogo ya kuwa sahihi nusu. Kisha faraja ikamchomea ndani, akaona aibu nayo.

Alitoka nje. Ilikuwa saa kumi na robo. Kwenye mmea uliosimama kombo, mzizi nusu uko nje, maua yalikuwa yamefunguka: ya waridi, ya njano, mengine ya madoadoa, wala hayakujali jembe lililolala pembeni. Harufu ilimfikia kabla hajainama. Ilikuwa ile ile ya jioni zote.

"Marashi yako hayo," fundi alisema kutoka dirishani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimejipaka. Nikakwambia sijajipaka."

Alipiga magoti, akaurudisha udongo juu ya mzizi kwa mikono, akaubana, akaleta maji, akamwaga bila kuangalia ni kiasi gani.

Ijumaa alizungushia mmea wavu wa banda la kuku, akaandika kadi mpya: UA LA SAA KUMI. MBEGU NA MZIZI NI SUMU. Kisha akampigia binti yake, akamweleza yote, hata lile la lebo saba.

"Mbegu nitaziokota kila asubuhi mtoto hajaamka," alisema. "Ukiona haitoshi, mpeleke kwa mama mkwe wako. Sitakulaumu."

"Utaziokota kila asubuhi?"

"Nitazihesabu."

"Basi namleta. Ukisema utahesabu, najua utahesabu."

Mwenye duka la dawa alikubali aingie saa nne na kutoka saa tisa, ingawa alimtazama sana, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

Jumamosi mtoto alifika amechoka na safari, akalala ubavuni mwa bibi yake kabla hata ya kula. Mzee Lebo alileta kiti, akakaa karibu na kitanda, wakawa wanatazama dirishani wote wawili. Kiganjani alikuwa na ile lebo ya saba, ya chini kabisa, ambayo kweli aliiandika yeye. Alikuwa na swali. Miaka yote ile mdomo wa mkewe ulikuwa mzima, wa kusema chochote, na alichokipenda alikificha kwenye chupa ya minyoo. Alitaka kumwuliza kwa nini, halafu akaona anajua. Alionyeshwa alichokipenda mkewe mara moja tu, mlangoni pa jikoni, naye akaking'oa. Akalia bila kuficha, na fundi akakusanya vitambaa vyake akaenda nyumbani.

Ua la kwanza likaanza kufunguka.

"Mama watoto," alisema. "Nimechelewa?"

Mkewe aligeuza uso, akamwangalia kwa muda, na ule mkono wa kushoto ukaja juu ya mkono wake.

"Bado," alisema.

Lilikuwa neno lake la kila kitu, la uji na la blanketi, na Mzee Lebo alilijua hilo. Mtu yule hakuwahi kuamini kitu kabla hajakisoma mara tatu. Hili alilisikia mara moja, hakuuliza tena, akasogeza kiti karibu zaidi.